Mnara Uliotoka Mfupi

Skálagil, 14 Oktoba 2018

Mwanangu Durita,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, yaani mimi, baba yako na mbwa. Hatujambo. Baba yako analalamika goti, ila goti lenyewe huuma nikimtuma kitu tu. Tumemaliza kuchinja juzi, kondoo kumi na tisa, na mmoja alikuwa na mafuta mpaka baba yako akasema huyu lazima alikuwa anakula kwa jirani. Nyama tumeshaitundika bandani ikauke, na upepo unapita vizuri kati ya mbao. Paja moja ni lako, nimelifunga uzi mwekundu ili baba yako asijisahau.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanijibu "nzuri tu, mama", tunazungumza habari za mvua, basi unakata. Kwenye karatasi huwezi kunikata.

Shangazi yako Malan alikutana dukani Tórshavn na mama mmoja ambaye mtoto wake unamfundisha. Akaambiwa kwamba vile vipindi vyako vya kuchora kwenye kompyuta ni vya majaribio tu, na ifikapo Machi vinaweza kufutwa. Mbona nimelisikia kwa Malan? Sikugombezi. Ila katika wasichana tisa mliomaliza shule pamoja, saba wako Denmark, na mama zao wanawaona kwenye picha. Wewe ulirudi huku visiwani. Vipindi vikifutwa utabaki kwa lipi? Naogopa, ndiyo, nimesema.

Halafu nieleze unafundisha nini hasa. Watu wananiuliza, nami nawajibu "anafundisha kuchora bila penseli", wanacheka. Unajua niliishia darasa la sita, kwa hiyo usinieleze kisomi.

Kula vizuri. Vaa soksi zile nene.

Mama yako

*

Tórshavn, 2 Novemba 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo, na baba pia shikamoo. Barua yako ilikaa njiani siku tisa kwa sababu ya upepo, lakini imefika na nimeisoma nikiwa nimevaa soksi. Mimi mzima. Nyumba niliyopanga ina joto, ila jirani wa juu anajifunza kupiga akordioni na bado yuko kwenye wimbo wa kwanza.

Alichosema shangazi Malan ni kweli. Mwalimu mkuu wetu, Hanus, ametupa mwaka mmoja. Si mtu mbaya. Aliniambia usoni: "Durita, nionyeshe kwamba watoto wanajifunza, siyo kwamba wanabonyeza tu." Tarehe 14 Machi tutafanya maonyesho ya kazi zao, baada ya hapo baraza la walimu litaamua. Wakikataa, mkataba wangu unaisha kiangazi. Baada ya hapo sijui.

Sasa ninachofundisha. Fikiria karatasi yako ya michoro ya sweta, ile yenye miraba. Kioo cha kompyuta ni hivyohivyo, kimejaa miraba midogo, na mtoto anachagua upi uwe mweusi na upi mweupe. Ukisogea mbali, unaona picha. Nina watoto kumi na wanane wa darasa la saba, na nimewapa kazi: kila mmoja abuni nakshi mpya ya sweta. Iwe ya rangi mbili, iweze kujirudia kuzunguka kifua, na iwe ya kitu anachokiona kila siku. Zile nyota na maua ya bibi zao nimewakataza.

Bárður akanyoosha mkono. "Mwalimu, alama ya betri ya simu inayokaribia kuisha, hiyo ni kitu cha kila siku?"

"Kwako wewe, ndiyo."

Basi anachora betri. Mwingine anachora mzunguko wa barabara ulio karibu na kwao, mwingine viatu vya mpira. Na yupo Ragna, msichana asiyesema sana. Babu yake alikuwa mtunza mnara wa taa ya kuongozea meli mpaka ulipoanza kujiwasha wenyewe, naye amefariki kiangazi hiki. Ragna anachora mnara ule. Amepanga miraba wiki tatu, na nikipita nyuma yake anafunika kioo kwa mikono.

Nina ombi. Nimechagua nakshi sita na kuzichapisha, zimo humu ndani. Tafadhali zifume, kila moja ukubwa wa viganja viwili, ili watoto waone kazi yao ikigeuka kitu cha kushika. Kila mraba ni kitanzi kimoja cha uzi, huna haja ya kufikiri kitu kingine.

Mwanao,
Durita

*

Skálagil, 23 Novemba 2018

Durita wangu,

Hatujambo huku. Mvua imelala upande wiki nzima. Baba yako ametengeneza mlango wa banda, na sasa haufunguki, anasema ni bora usipofunguka kuliko usipofungika.

Michoro nimeipokea. Nimeitandika mezani na kuitazama siku mbili kabla sijagusa sindano. Mwanangu, hawa watoto wana akili ya wapi? Mimi tangu nizaliwe nafuma nyota kwa sababu mama alifuma nyota. Haijanijia hata siku moja kwamba mtu anaweza kukaa akaunda nakshi yake mwenyewe kutokana na viatu vya mpira. Ile betri nilicheka peke yangu jikoni. Na mnara wa yule mtoto, nimeuelewa kabla sijaambiwa ni mnara. Ameacha vitundu viwili vyeusi vya dirisha, na dirisha la juu ni dogo kuliko la chini, kama mtu anavyoona akiwa amesimama chini anatazama juu. Hilo nani kamfundisha? Ni wewe?

Nimefuma zote sita, zimo kwenye kifurushi pamoja na ile nyama yako na soksi. Nilifumua mara kadhaa, lakini hayo ni mambo ya sindano, yasikusumbue. Nadhani watafurahi.

Krismasi unakuja? Chumba chako nimekifungulia madirisha kiingie hewa.

Mama yako

*

Tórshavn, 12 Desemba 2018

Mama,

Shikamoo. Kifurushi kimefika, asante kwa nyama.

Nilizipanga zile sita mezani leo asubuhi, watoto wakazizunguka kwa shangwe. Bárður aliiweka betri yake kifuani akatembea nayo darasa zima. Hanus alikuwa amekuja kuangalia, naye alikuwa anatabasamu. Ragna aliuchukua mnara wake akaenda nao kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye kioo na kingine kwenye sufu, akahesabu.

"Mwalimu, mnara wangu una mistari ishirini na minne."

"Ndiyo."

"Huu una thelathini."

Nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu tena, thelathini. Wenzake nao wakaanza kuhesabu. Betri imeongezwa mistari, viatu vimeongezwa, mzunguko wa barabara umeongezwa. Ragna akaurudisha mnara mezani. "Ni mzuri," akasema, "lakini siyo wangu."

Hanus akanivuta pembeni. "Kwa hiyo mwezi wa tatu tutaonyesha kazi za watoto au za mama yako?"

Mama, ulizigusa?

Krismasi sitaweza kuja. Hali ya hewa haieleweki.

Durita

*

Skálagil, 17 Januari 2019

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Tuko wazima. Barua hii nimeianza mara nyingi, na karatasi zote baba yako amewashia jiko.

Helikopta ya abiria iliruka tarehe 22 Desemba. Niliisikia ikipita juu ya kanisa. Sikuuliza na siulizi.

Ndiyo, nilizigusa. Sikutaka kukuambia, na sasa nakuambia kila kitu. Mnara wa yule mtoto niliufuma kwanza kama ulivyochorwa, mraba mmoja kitanzi kimoja, kama ulivyosema. Nikaunyoosha mezani. Mnara hakuna, Durita. Umebonyea. Baba yako akapita, akautazama, akauliza, "Hii sufuria ni ya nani? Inatosha viazi vya ukoo mzima." Nikamfukuza jikoni. Nikafikiri, babu yake amekufa kiangazi hiki, amekaa wiki tatu akipanga miraba, halafu mimi nimpelekee sufuria? Nikafumua, nikaongeza mstari mmoja baada ya kila mistari minne, mnara ukasimama. Hizo nyingine nikaona nami nizinyooshe, zisimwaibishe mwenzao kwa kuwa na sura mbaya.

Sababu yenyewe ni hii, na kila mfumaji anaijua ila hatuisemi kwa sababu mikono inaijua yenyewe. Kitanzi si mraba. Kitanzi ni kipana kuliko urefu wake. Ukichora duara kwenye miraba ukalifuma, unapata yai lililolala. Sisi tukichora mpya tunaurefusha mchoro bila hata kufikiri. Wewe uliniambia kila mraba ni kitanzi kimoja, nami nikaona, huyu amesoma Denmark miaka mitano, nani mimi nimwambie miraba yake ina kasoro. Nikanyamaza nikarekebisha kimyakimya.

Sikujua kwamba ukimrekebishia mtoto kazi unamnyang'anya. Kwetu mtoto akijikwaa unamdaka, hungoji kuona ataangukaje. Nilipoisoma barua yako nilishika kichwa. Yule mtoto amehesabu. Umri wa miaka kumi na tatu, amepewa kitu kizuri kuliko alichokifanya, na amekikataa. Wewe unajua ni watu wazima wangapi wangekikataa? Mimi nisingekikataa.

Nimezifuma upya zote sita kama zilivyo, hata mstari mmoja sikuongeza. Zimo humu. Ni mbaya. Sufuria iko juu kabisa. Fanya nazo unavyojua, wewe ndiye mwalimu, na usimpe yeyote jibu nililoandika hapa kama hutaki.

Mama yako

*

Tórshavn, 5 Februari 2019

Mama yangu,

Shikamoo. Baba naye, mwambie nilicheka. Mimi mzima, jirani ameingia wimbo wa pili.

Kwanza nisamehe. Helikopta ilikuwa inaruka, na mimi nilikuwa nimekasirika na nilijua kwamba nimekasirikia mtu asiyestahili. Aliyekosea ni mimi. Nimezaliwa kwenye nyumba yenye sindano kila kiti, na sikujua kitanzi kina umbo gani.

Jibu lako sikuwapa. Niliweka zile mbaya mezani. Walicheka sana, maana ule mzunguko wa barabara unafanana na mkate uliokaliwa. Ragna aliutazama mnara wake muda mrefu.

Bárður akamwambia, "Ragna, hii ni sufuria."

"Naona ni sufuria."

"Babu yako alikuwa mpishi?"

Nikadhani atalia. Badala yake akamnyang'anya rula. Akapima vitanzi kumi kwenda upande, sentimita tano. Akapima mistari kumi kwenda juu, sentimita nne. Akapima tena kwenye betri ya Bárður, ikawa hivyohivyo. Akakaa. Kisha akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Siyo kwamba nilichora vibaya. Nilichorea karatasi isiyo yake."

Mama, ninafundisha mwaka wa pili, na sijawahi kuona darasa likikimbilia kompyuta vile. Kipindi kizima kilichobaki walitafuta namna ya kuubadilisha ukurasa kwenye kompyuta, ili kila mraba uwe na upana wa tano na urefu wa nne. Nilikuwa najua ni kitufe gani. Nilikaa juu ya mikono yangu. Walipokipata, michoro yote ikabonyea hapohapo kwenye kioo, ileile sufuria, na sasa wote kumi na wanane wanachora upya wakiona kitakachotoka. Mnara wa Ragna umefika mistari thelathini. Ni ileile thelathini yako, ila safari hii ni yake.

Sasa jambo ambalo nimelificha. Kuna shule Aarhus, kule Denmark, wamenipa kazi. Waliniita tangu Septemba. Wanataka jibu kabla ya tarehe 15 Machi, siku moja baada ya maonyesho. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema "nenda mwanangu", halafu ungemaliza wiki hujala.

Njoo kwenye maonyesho. Njoo uketi na sindano zako mbele ya watu ueleze kitanzi. Hakuna atakayeeleza kama wewe.

Durita

*

Skálagil, 20 Februari 2019

Mwanangu mpenzi,

Tunakusalimu sote. Mbwa alikula sabuni, amepona.

Habari ya Aarhus nimeisoma. Baba yako pia ameisoma. Nimetengeneza jamu chupa nne, moja imepasuka.

Kuhusu kuja, sitaweza. Machi bahari ni mbaya, na helikopta ikipata ukungu hairuki. Kondoo nao mimba zinaanza kuwa nzito. Na baba yako, goti. Na nikija nitasema nini, Durita? Watakuwepo walimu na wazazi wa mjini, wenye makaratasi yao. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilifunga begi langu la shule nikalitundika ukutani, maana mama alikuwa mgonjwa na samaki walihitaji mikono, na tangu siku hiyo sijaingia darasani ila kuja kukuchukua wewe. Nikisimama pale nitatetemeka, watasema, mwalimu mwenyewe mama yake ndiye huyu. Wakati huu ndio unaotakiwa kuonekana vizuri. Nisije nikakuharibia mara ya pili.

Watoto wamekuelewa bila mimi. Inatosha.

Kama ni Aarhus, basi uwafundishe wale wa huko nao wahesabu. Sisemi zaidi.

Mama yako

*

Tórshavn, 1 Machi 2019

Mama,

Shikamoo. Sikulazimishi. Hayo ya begi la shule hukuwahi kuniambia, nimekuwa nikiyafikiria siku zote hizi.

Niliwaambia watoto huji. Ragna ameniomba nikutumie hiki kikaratasi. Sijakisahihisha.

"Kwa Bibi Sunneva. Nina maswali matatu. Moja, uzi mweupe unaenda wapi wakati unafuma kwa mweusi? Mbili, kwa nini madirisha yangu yanalegea nyuma, kidole kinanasa? Tatu, ulikasirika nilipohesabu? Sikutaka kukukosea heshima. Ragna."

Nakupenda. Maonyesho ni Alhamisi ya tarehe 14, saa tisa mchana.

Durita

*

Skálagil, 17 Machi 2019

Durita wangu,

Nimefika salama, helikopta ilitikisika kidogo tu, na baba yako alinipokea kama nilikuwa nimeenda vitani. Anasema amekula viazi siku mbili. Mbwa ananukia vizuri mpaka leo.

Tulipokuwa pamoja hatukupata nafasi ya kuzungumza, watu wengi, na asubuhi yake nikaondoka. Sasa nikuambie ambacho hukukiona.

Nilipanda Alhamisi asubuhi bila kumwambia mtu, maana kama ningesema ningelazimika kuja. Mpaka mlangoni mwa shule bado nilikuwa nafikiri naweza kugeuka. Kumbe wewe umekwenda mjini kuchukua mbao za kutundikia kazi, na darasa liko na yule Hanus wako. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini na kikapu changu mapajani kama ninangoja daktari. Msichana mwembamba akatoka kwenda kunywa maji. Akapita. Akarudi kinyumenyume. Akatazama kikapu, akatazama uzi.

"Wewe ni mistari sita," akasema.

Nikasema, "Ndiyo, mimi ndiye niliyeongeza. Na sikukasirika."

Akanishika mkono wa sweta, siyo mkono wangu, mkono wa sweta, akanivuta ndani. Wakanikalisha kwenye kile kiti cha watoto, magoti yakafika kifuani. Wakawasha mchoro wake ukutani, mkubwa kama mlango wa banda. Nikatoa sindano. Nikaiambia mikono, nyinyi fanyeni kazi yenu. Nikawaonyesha uzi mweupe unavyopita nyuma wakati mweusi unafanya kazi mbele, na kwamba ukiuacha upite vitanzi vingi mno bila kuushika unaning'inia kama kamba ya nguo, kidole cha mvaaji kinanasa. Nikasema, vitanzi vitano, vikizidi hapo ushike. Bárður akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta akasema mnara una sehemu tatu zenye saba. Ragna akasema najua, nyamaza, naona.

Nikaendelea kufuma mnara wake mpya, nikiongea, na nikasahau kwamba naogopa. Nilikuwa nimeanza hata kujisikia. Ndipo akasema:

"Bibi, simama hapo. Umeruka mstari wa kumi na saba."

"Sijaruka."

"Umeruka. Dirisha la chini limekuwa fupi."

"Mwanangu, nimefuma miaka hamsini na miwili."

"Na mnara huu umeufuma mara ngapi?"

Watoto wakafunika midomo. Nikahesabu. Nilikuwa nimeruka mstari wa kumi na saba. Nikatoa sindano nikafumua mbele yao wote, na nakuambia ukweli, sijawahi kufumua kitu nikiwa na furaha vile.

Hanus alikuwa amesimama kule nyuma muda wote, amekunja mikono. Akavuta kiti, akakaa karibu na Ragna, akamuuliza alijuaje. Ragna akamweleza tano kwa nne, kitanzi na mraba, dirisha la chini na la juu. Hanus akasema, "Nieleze tena." Akamweleza tena. "Mara moja zaidi, polepole." Bárður akasema, "Usijali, mwalimu mkuu, hata Mwalimu Durita alikosea." Samahani, lakini alisema hivyo.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, unaonaje? Wamejifunza nini hapa?"

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwenye helikopta, mazuri, ya kukusifu wewe. Yalipotea yote. Nikamwambia, "Wamejifunza kunisahihisha mimi, na wana haki."

Alichukua kile kipande kwenye mapaja yangu, akahesabu mwenyewe kwa ncha ya kalamu, midomo ikimwendaenda. Hapo ndipo wewe ulipoingia na mbao zako, ukatuona, ukasimama.

Hayo mengine uliyaona. Ukaona na wale wazazi walivyogombania kuishika sufuria kuliko mnara. Wazo la kuvitundika vyote viwili pamoja, kibaya kando ya kizuri, lilikuwa la nani? Kama ni lako, nimejifunza kitu. Mimi mabaya yangu yote nimeyafumua maisha yangu yote, hakuna aliyeyaona.

Nilitazama jinsi wale watoto wanavyokutazama wewe. Hawakutazami kwa woga. Wanakutazama kuona kama na wewe umeona. Nilikaa pale kwenye kiti cha watoto nikajisemea, huyu nimemzaa mimi.

Siku ya tarehe 15 ilikuwa Ijumaa. Sikukuuliza asubuhi ile, na sikuulizi sasa.

Mama yako

*

Tórshavn, 22 Machi 2019

Mama mpendwa,

Shikamoo, na baba mpe pole ya viazi.

Kuvitundika vyote viwili lilikuwa wazo la Ragna. Alisema asiyeiona sufuria hatajua mnara ulitoka wapi.

Baraza la walimu lilikaa jana. Hanus alisimama, mama, akajaribu kuwaeleza kitanzi na mraba. Alikosea, mwalimu wa hesabu akamsahihisha, akakosea tena. Kisha akasema hatapiga kura ya kufuta kitu ambacho bado anajifunza. Vipindi vinabaki, na kuanzia Agosti wananiongezea darasa la nane.

Lakini usidhani nilingoja hilo. Aarhus niliwapigia Ijumaa asubuhi, ulipokuwa unapakia kikapu chako, kabla sijajua baraza litasema nini. Niliwaambia hapana, asanteni. Waliuliza kama nimepata kitu kingine. Nikasema bado, lakini nabaki.

Pasaka nakuja. Ukungu au hakuna ukungu, hata kama ni kwa mashua.

Mwanao,
Durita

*

Skálagil, 1 Aprili 2019

Mwanangu Durita,

Hatujambo, hatujambo kabisa.

Nimeisoma barua yako mara nne, ya mwisho nikiwa nimesimama dirishani ili nipate mwanga. Kisha nikampa baba yako. Yeye aliisoma mara moja. Akaikunja vizuri, akairudisha kwenye bahasha yake, akavaa kofia akaishusha mpaka machoni, akasema anakwenda kuwatazama kondoo.

Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuwatazama.

Mama yako